Tumbili wa Gitaru na Hesabu ya Umeme

Wasikilizaji wetu, tarehe 7 Juni 2016, yapata saa tano na nusu asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, penye mto Tana, nchi ya Kenya. Akaanguka juu ya transfoma, nayo ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na mzigo, ikajizima nayo, na megawati zaidi ya 180 zikapotea mara moja. Nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona.

Watu wengi walicheka, nasi tulicheka. Walakini swali limetukaa moyoni: kituo kimoja kikiharibika, mbona vile vingine vilivyo mbali, visivyoguswa na mnyama yeyote, visiendelee na kazi yake?

Na tuwatazame wanawake watatu watwangao katika kinu kimoja. Kila mchi washuka kwa zamu yake. Akichelewa mmoja, michi yagongana na kazi yasimama. Ndivyo ilivyo mitambo iliyofungamanishwa kwa nyaya. Yote hupatanisha mwendo wake, hata umeme upige mara 50 kila sekunde, Mombasa sawasawa na Kisumu. Tena umeme si mahindi ya kujaza ghalani: ulio mwingi hutumika papo hapo ufanywapo. Basi kituo kimoja kikiondoka ghafula, na watu hawakuzima taa zao, ni nani alipaye deni? Hulipwa na magurudumu mazito ya mitambo iliyosalia. Nguvu iliyomo katika mzunguko wake yatolewa, na mwendo wapungua. Asagaye unga ajua ya kuwa jiwe zito halisimami pale pale uondoapo mkono. Lakini halizunguki milele.

Hapo ndipo hesabu iingiapo. Wanafunzi na watwae kalamu. Tuseme kuna nchi, ya mfano tu, itumiayo megawati 1,000, na magurudumu yake yana akiba ya kutosha sekunde 5, yaani 5,000. Megawati 100 zikapotea. Zidisha 100 kwa 50, kisha gawanya kwa 10,000, ndiyo ile akiba mara mbili. Utapata nusu. (Mbona mara mbili? Twaulizwa sana darasani: ni kwa kuwa nguvu ya gurudumu hufuata mraba wa mwendo wake.) Maana yake, mapigo ya umeme yaanza kupungua kwa nusu pigo kila sekunde, yasipozuiliwa, baada ya sekunde 2 yamekuwa 49. Mapigo yakishuka kupita mpaka uliowekwa, mitambo hujizima isije ikaharibika, na kila mmoja ujizimao waiongezea mingine mzigo. Kwa hiyo hapana budi malango ya maji yafunguliwe zaidi, au mitaa michache ikatiwe umeme, katika sekunde hizo hizo. Magurudumu yakiwa mazito mara mbili, muda nao wawa mara mbili.

Miongoni mwa waliotangulia kuzishughulikia hesabu za namna hii ni Bibi Edith Clarke wa Marekani, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla hajawa mhandisi. Mwaka 1926 aliwasomea wahandisi wenzake maandiko yake juu ya uthabiti wa njia ndefu za umeme. Naye alikwisha kubuni chombo cha kurahisisha hesabu za njia hizo, akapewa hataza yake mwaka 1925.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, nayo hujua lile tu iliyoambiwa. Huko Australia Kusini, tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha minara ya nyaya. Mashine kadhaa za upepo zilikuwa zimepangwa zipunguze umeme wake zikiona volti imeshuka mara nyingi kwa muda mfupi, zikafanya hivyo. Mpango huo haukuwamo katika hesabu za wale walioangalia mtandao. Jimbo zima likawa giza, na baadaye mafundi wakazibadilisha mashine zile ziweze kuvumilia mishtuko mingi zaidi.