Mfupa Hausemi Uongo, Lakini Ripoti Huandikwa na Mtu

Nimeombwa nizungumze juu ya sayansi ya uchunguzi wa jinai, yaani vipi maabara inamsaidia mpelelezi kumjua muuaji. Wengi wetu elimu hii tumeipata kwenye televisheni, ambako unywele mmoja unaokotwa mwanzo wa mchezo na kabla ya taarifa ya habari mtu keshatiwa pingu. Mambo hayaendi hivyo, na leo nataka tutazame pale yanapokwama.

Nianze na jambo linalotuhusu sisi wahamiaji. Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester hapa Uingereza, Alec Jeffreys aligundua kwamba DNA ya kila mtu ina mpangilio wake, isipokuwa mapacha wa kufanana, na kwamba mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Je, mnajua kazi ya mwanzo ya ugunduzi huo ilikuwa nini? Haikuwa kumtafuta muuaji. Ilikuwa mwaka 1985, kijana wa familia ya Kighana amezuiliwa na watu wa uhamiaji waliodai kuwa si mtoto wa mama anayesema ni wake. Damu ya mama na ya watoto wake wengine ikapimwa, ikaonekana kijana ni wake, akaruhusiwa kukaa na mamake.

Baada ya hapo ndipo polisi wakabisha hodi. Wasichana wawili, kila mmoja na miaka 15, walikuwa wamebakwa na kuuawa katika vijiji vya karibu na Leicester, mmoja 1983 na mwengine 1986. Kijana wa miaka 17 alikuwa keshakiri kosa la pili. Polisi wakamwendea Jeffreys athibitishe kuwa na la kwanza ni lake. Jibu likawashangaza: muuaji ni mtu mmoja kweli, lakini si huyu! Kijana akaachiwa. Hebu tufikiri: mtu amekiri mwenyewe mbele ya polisi, na hakufanya. Tunaotoka nchi ambazo kesi nyingi zimesimama juu ya karatasi ya kukiri iliyotiwa saini kituoni usiku, tunajua maana ya jambo hili.

Mwaka 1987 wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vile wakaombwa damu au mate. Hakupatikana mtu. Kumbe Colin Pitchfork, fundi wa kuoka mikate, alimtuma mfanyakazi mwenzake akapimwe kwa jina lake. Siri ikatoka baa, mwanamke aliyesikia akaenda kusema, Pitchfork akakamatwa Septemba 1987 na Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Maabara ilithibitisha, lakini aliyeonyesha njia ni raia aliyeamini kuwa akienda polisi atasikilizwa.

Sasa twende kwetu, mwaka huo huo wa 1988. Septemba, Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28, alipotea Maasai Mara, Kenya. Baba yake, John Ward, alipanda ndege akaenda kumtafuta. Kilichopatikana ni kipande cha mguu, sehemu ya taya, na majivu ya moto. Wakubwa wakasema ameliwa na wanyama. Swali hapo halihitaji mitambo mikubwa. Jino la simba au fisi hupondaponda mfupa, huacha mashimo na mikwaruzo. Panga huacha ukingo ulionyooka. Daktari wa kwanza aliyepima Nairobi aliona kuwa mfupa umekatwa, na akaandika hivyo. Ripoti ilipopita kwa mkubwa wake, maneno yakabadilishwa ili ionekane mfupa umeraruka. Mabaki yakapimwa tena Uingereza, ikarejea ile kauli ya mwanzo: umekatwa kwa kitu kikali na kizito, kisha ukachomwa moto. Oktoba 1989 hakimu wa Kenya akaamua kuwa ni mauaji. Kesi mbili zikafuata, washtakiwa wote wakaachiwa, 1992 na 1999. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Hapo sayansi haikushindwa. Daktari aliona, akaandika, na kalamu nyingine ikafuta. Na huyo marehemu alikuwa na baba mwenye fedha, na ubalozi nyuma yake. Mtoto wa mkulima wa Kilifi ana nani?

Nimetaja Kilifi kwa makusudi. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Iliambiwa dunia kuwa watu wamefunga hadi kufa, na wengi ni kweli walikufa kwa njaa. Lakini madaktari wa serikali walipoifungua miili waliona wengine, wakiwemo watoto, walinyongwa. Bila ya uchunguzi ule ingebaki hadithi ya imani iliyopotoka tu. Jamaa wakatoa sampuli za DNA, wakangoja. Miili ya mwanzo kukabidhiwa ilikuwa Machi 2024, karibu mwaka mzima. Kwa mzazi anayelala nje ya mochari, huo si muda.

Sasa sisi huku ughaibuni. Simu inalia usiku, unaambiwa ndugu yako amekutwa amekufa, "ajali", na keshazikwa. Kuharakisha maiti ni wema, sipingi, lakini kifo chenye shaka kikizikwa kabla ya kupimwa, kufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama na machozi mapya. Kwa hiyo kabla hamjatuma mchango wa maziko, ulizeni: nani ameupima mwili, na lini? Familia inaweza kuweka daktari wake asimame pale? Nguo za marehemu ziko wapi, zimetiwa katika mfuko uliofungwa na kuandikwa, au keshapewa mtu akazifue? Kila aliyekishika kielelezo ametia saini? Na ripoti, ombeni nakala siku ile ile, kabla haijapanda ngazi kwenda kwa mkubwa.

Nimemaliza, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nakaribisha maswali.