Dominika ya 29 ya Mwaka C: Kuishika Mikono Iliyochoka



Masomo ya Dominika hii yanatuletea watu wawili waliochoka. Katika somo la kwanza, kutoka Kitabu cha Kutoka, yupo Musa juu ya kilima, fimbo ya Mungu mkononi, huku Yoshua akipigana na Waamaleki bondeni. Katika Injili ya Luka yupo mjane asiye na kilima wala jeshi. Ana madai yake tu, na mbele yake ameketi hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mara nyingi tumeyahubiri masomo haya kuwa fundisho juu ya kudumu katika sala, na ndivyo Luka mwenyewe anavyoanza kulisimulia. Leo naomba tutazame jambo jingine: ni nani aliyesimama upande wa yule aliyechoka, na alifanya nini.

Upande wa Musa walikuwako Haruni na Huri. Walimletea jiwe akalikalia, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mwingine huku, hata jua likachwa. Hawakumwambia ashuke kilimani akapumzike ili fimbo waishike wao. Upande wa mjane, Injili haimtaji mtu yeyote. Alikwenda na kurudi peke yake. Wala hatuambiwi ni nani aliyewaangalia watoto wake, kama alikuwa nao, siku zote alizoshinda mlangoni pa hakimu.

Wapo wanawake wengi wenye madai ya namna hiyo katika nchi jirani ya Kongo, upande wa mashariki. Vita vya Ituri, kati ya 1999 na 2003, viliwaua maelfu ya watu na kuwafukuza wengine wengi makwao. Katika kukimbia huko wanawake na wasichana walibakwa mashambani, njiani na hata ndani ya nyumba zao, mbele ya waume na watoto. Mwaka 2000, vita vikiendelea, wanawake wachache wa Bunia walianzisha chama chao kiitwacho SOFEPADI. Mmojawapo ni Mama Julienne Lusenge, aliyekuwa mwandishi wa habari wa redio. Walianza na kazi ambayo yeyote kati yetu angeweza kuianza: kuwasikiliza wenzao. Kisha wakawasindikiza hospitali, na baadaye mahakamani. Kongo ilipata mwaka 2006 sheria kali zaidi juu ya ubakaji, lakini sheria haimfuati mtu kijijini. Mama aliyebakwa hana nauli ya kumfikisha kwa hakimu, na anayemshitaki pengine bado ana bunduki.

Chama hicho kina kituo cha afya huko Bunia, kiitwacho Karibuni wa Mama. Jina hilo limenipendeza sana, kwa sababu halitaji ubakaji. Mama akionekana akiingia mlangoni, jirani hajui kama ana homa, ana mimba, au ametendewa jeuri. Wageni wanaofika na magari yao na mahema meupe hawatambui upesi jambo kama hilo. Huweka kibao kikubwa chenye kutaja ukatili wa kijinsia, halafu hushangaa kwamba hakuna mtu anayeingia. Mwanamke aliyeumizwa huenda kwenye kikundi cha kushona, au cha kutengeneza sabuni, au cha kuweka na kukopa. Huko, baada ya majuma mawili au matatu, mikono ikiwa kazini na macho yakitazama chini, ndipo ulimi hufunguka.

Wanawake wa mahali hapo wanajua pia mambo ambayo hayamo katika ramani ya kambi. Wanajua ni njia ipi ya kisimani isiyofaa kupitwa jioni, ni choo kipi kisicho na komeo, ni mlinzi yupi anayedai malipo yasiyosemeka. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, kutafuta kuni kumekuwa hatari ya miaka yote kwa kina mama. Anayeweza kuwapanga waende kwa makundi, na kumwambia mkuu wa kambi ukweli juu ya njia hizo, ni mama mwenyewe abebaye kuni.

Kuna na suala la saa. Aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, lakini lazima azianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni faida kwake. Saa 72 ni siku tatu tu. Mtu wa shirika aliyeko mjini hawezi kujua usiku wa Ijumaa kwamba binti fulani ameumizwa. Jirani yake anajua. Kwa hiyo uhai wa binti huyo unategemea kama jirani huyo ana mahali pa kumpeleka, na ana fedha ya pikipiki.

Hapa ndipo ninapotaka tumrudie Musa na fimbo yake. Misaada inapofika penye vita au mafuriko, vikundi hivi mara nyingi hutumwa kama matarishi. Huombwa kuwakusanya kina mama, kutafsiri, kuonyesha njia. Hupewa fulana na soda, na jina la wahamasishaji. Mipango na fedha hukaa kwingine. Mwezi Mei 2016, kule Istanbul, mataifa wafadhili na mashirika makubwa walipatana kwamba ifikapo mwaka 2020 robo nzima ya fedha za dharura, yaani asilimia 25, iwafikie watu na vyama vya nchi zenye maafa, kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipofika, zilizowafikia moja kwa moja zilikuwa asilimia chache tu. Sababu zilizotolewa si za uongo: kikundi hakina hesabu zilizokaguliwa, hakina akaunti ya benki, hakijui kuandika taarifa kwa Kiingereza. Lakini Haruni na Huri walipoona mikono ya Musa inalegea, waliona haja ya jiwe la kukalia. Hawakuona sababu ya kumvua utume wake.

Tena tusidhani kwamba atokaye mbali na msaada ndiye daima aliye salama. Wakati wa ugonjwa wa Ebola huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wakati huohuo baadhi ya wanaume waliokuja kuzuia ugonjwa walikuwa wakiwaahidi wanawake kazi kwa kudai miili yao. Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa huyo huyo Mama Lusenge wa Bunia. Taarifa ya tume, iliyotolewa Septemba 2021, ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wanawake wa Beni na vijiji vyake walipopata mtu wa kumwambia, walisema.

Mwaka 2007 Mama Lusenge na wenzake walianzisha pia mfuko wa wanawake wa Kongo, ambao hutoa fedha kidogo kidogo kwa vikundi vya vijijini ambavyo wafadhili wakubwa hawavifikii. Hizo ndizo fedha za nauli, za cherehani, za kabati lenye kufuli ambamo majina ya waliojeruhiwa hufichwa. Umuhimu wa jambo hilo ulionekana tena mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari mji wa Goma ulitekwa, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka zikabaki tupu. Majuma hayo hayo serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Watu wa mbali waliweza kuondoka. Kina mama wa Goma walibaki Goma.

Ndugu makatekista, sisi hatuna asilimia 25 ya kugawa. Lakini parokia ina ukumbi unaofungwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Una mlango na paa, na anayeuingia haulizwi anakwenda kufanya nini. Parokia ina mhasibu au mwalimu mstaafu awezaye kukifundisha kikundi kuandika daftari la mapato na matumizi hadi likubalike benki, kisha akawaachia daftari lao. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchangia akiba ya nauli, ikakaa kwa kina mama wenyewe, wala isisubiri saini ya Paroko aliye safarini.

Yapo na mambo ya kuacha. Tuache kukaa baraza na kuusuluhisha ubakaji kwa mbuzi, au kwa kumwoza binti kwa yule aliyemharibu. Tuache kumwambia anyamaze kwa ajili ya heshima ya familia. Tamari, binti wa Daudi, aliambiwa hivyo hivyo na kaka yake, kama tunavyosoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Mfalme Daudi alikasirika sana, lakini hakutenda lolote. Tamari alibaki katika huzuni nyumbani mwa kaka yake, na miaka miwili baadaye damu ikamwagika ndani ya familia hiyo hiyo iliyotaka heshima.

Na katekista akigongewa mlango usiku kwa habari kama hizo, asianze kuuliza ilikuwaje, alivaa nini, alikuwa wapi. Amwite mama mwenyekiti wa kikundi, kisha atafute pikipiki.