Sikio Lililolelewa: Jamaa na Ladha ya Muziki katika Mwambao wa Waswahili

Mpenzi wa muziki hupenda kudai kwamba ladha yake ameichagua mwenyewe. Utafiti hauliungi mkono sana dai hilo. Mwaka 1980, wanasaikolojia DeCasper na Fifer walionyesha kuwa mtoto mchanga wa siku chache tu huitambua sauti ya mama yake na kuipendelea kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 2013, Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Zupnick waliwachezea vijana wa Marekani, wenye umri wa miaka 20 hivi, nyimbo zilizovuma tangu miaka ya 1950. Vijana hao walizikumbuka na kuzipenda nyimbo za wakati wao, kama ilivyotarajiwa. Lakini walizipenda pia zile za ujana wa wazazi wao, na hata za miaka ya 1960, ambazo yamkini ziliwafikia kupitia kwa mababu na mabibi. Nyimbo zilizopigwa sebuleni hubaki katika kumbukumbu hata kwa yule ambaye hakuombwa kuzisikiliza.

Hata hivyo, matokeo hayo yanaeleza nusu tu ya mambo yalivyo katika mwambao wa Afrika Mashariki. Huko, jamaa hamrithishi mtoto nyimbo fulani tu. Humrithisha namna ya kusikiliza. Na katika taarab, kusikiliza ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya ala.

Wimbo, kwa istilahi ya washairi, ni utungo wa mishororo mitatu katika kila ubeti, na aghalabu mshororo huwa na vipande viwili vya mizani 8. Mtoto anayekua akimsikia bibi yake akiimba huku akichambua mchele huzizoea mizani hizo kabla hajajua maana ya neno mizani. Mwalimu wa ushairi anayehesabu silabi ubaoni mara nyingi humfundisha kwa tabu mwanafunzi wake jambo ambalo mwingine, wa dawati la pili, alikwishapewa nyumbani bila ya chaki.

Shule kubwa zaidi ni harusi. Msichana hufuatana na mama yake na shangazi zake, huketi mkekani miongoni mwa wanawake, na huona jambo ambalo redio haiwezi kumwonyesha. Mwimbaji anafika ubeti fulani. Shangazi anainuka, noti mkononi juu ya kichwa, anakwenda kwa mwendo wa maringo hadi jukwaani kutunza. Kwa nini ubeti ule na si uliotangulia? Kwa nini alipopita alimgeukia mwanamke yule wa safu ya nyuma? Maelezo huja baadaye, njiani au jikoni siku ya pili, yakitolewa kwa sauti ya chini na kwa vicheko: fumbo lilikuwa la nani, mke mwenza yupi aliambiwa nini, na kwa nini hawezi kulalamika maana jina lake halikutajwa. Hapo ndipo msichana hujifunza kuwa wimbo una mlengwa, na kwamba uzuri wake umo katika kile kisichosemwa. Msikilizaji aliyelelewa hivyo hataridhika maisha yake yote na wimbo unaosema kila kitu waziwazi, hata ukipigwa kwa vinanda vya fahari namna gani.

Wanaume nao wana njia yao, ingawa imeelezwa zaidi vitabuni na haihitaji kurefushwa hapa. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, aliyekuwa mshairi. Na Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi mwingine wa ukoo huohuo, alitunga mashairi yaliyoimbwa na jamaa yake, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Kaseti za mwimbaji huyo zilikuwa zikichezwa katika nyumba nyingi za Mombasa, na ukoo mmoja ukawalea wasikilizaji wa koo nyingine.

Ifahamike kwamba jamaa si ajali isiyoepukika. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, hakutoka katika nyumba ya wanamuziki. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Kinyume chake, Zuchu, mwana wa Khadija Kopa, alitoka nyumba ya taarab akaingia katika muziki wa kizazi kipya mwaka 2020, na mwaka huohuo akaimba na mama yake wimbo “Mauzauza”. Wanaolalamika kuwa vijana wameitupa taarab wangefanya vema kuusikiliza wimbo huo kabla ya kuendelea kulalamika. Ala zimebadilika, sikio la nyumbani halijahama.

Hatari iko mahali pengine. Sahani za Siti zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zimehifadhiwa, lakini maelezo yake hayakuchorwa katika sahani. Laura Fair, mwanahistoria aliyechapisha kitabu chake juu ya Unguja mwaka 2001, aliwategemea wazee wa mjini ili kuelewa nyimbo hizo zilimsema nani. “Kijiti”, kwa mfano, ni wimbo wa mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji aliyetoroka, na mahakama iliyowaadhibu wasiostahili. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba hadi uzeeni, na wengi waliompigia makofi katika kumbi za Ulaya walisikia mahadhi matamu tu. Mjukuu anayeusikia leo katika simu yake, akiwa na vipokea sauti masikioni na bibi yake akiwa chumba cha pili, anasikia kile walichosikia watu wa kumbi zile.