Namna Maabara Inavyozitambua Hamira za Ugonjwa

(Mazungumzo ya fundi sanifu wa maabara ya kituo cha afya, mbele ya viongozi wa vijiji, wahamasishaji wa afya na wakazi. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niwaeleze kazi inayofanyika nyuma ya lile dirisha dogo mnapopokelea majibu. Nimeombwa pia nijibu uvumi unaozunguka kambini, kwamba mgonjwa akitolewa maji mgongoni harudi nyumbani. Nitafika huko. Lakini tuanze jikoni.

Mama anayekaanga maandazi anaijua hamira. Anaichanganya na unga, anafunika, na baada ya muda unga umeumuka. Anayetengeneza pombe ya ndizi, ile ambayo ndugu wa Burundi huiita urwarwa na ndugu wa Kivu huiita kasiksi, naye anafanya kazi na hamira hata kama hakuinunua dukani. Hamira ni kiumbe hai, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Ni jamaa wa uyoga na wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Wote hao ni kuvu, au fangasi kama tulivyozoea kusema. Nyingi kati ya hamira huzaana kwa kuchipua: chembe mama hutoa kichipukizi ubavuni, kinakua, kisha kinajitenga.

Hamira ya maandazi haina ugomvi nasi. Ina jamaa zake wachache, hata hivyo, ambao huleta ugonjwa, na kazi ya maabara ni kujua ni jamaa yupi amekuja. Majina yao tusiyaogope. Wa kwanza ni kandida. Wa pili ni kriptokokasi, na huyo ndiye nitakayekaa naye zaidi.

Kandida wengi wetu tunatembea nayo. Ipo mdomoni, tumboni na sehemu za siri za watu wazima wasioumwa kitu. Inakaa kimya mpaka mwili udhoofike, au mpaka mtu ameze dawa za kuua bakteria bila mpangilio, akawaua majirani waliokuwa wakiizuia. Hapo inasambaa. Ndiyo ule utando mweupe mdomoni kwa mtoto mchanga au kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa. Ndiyo ule muwasho wa ukeni wenye uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda.

Mama akija na shida hiyo, tunachukua uchafu kidogo kwa kijiti chenye pamba. Tunaupaka kwenye kioo, tunaweka tone la dawa ya potasi inayoyeyusha chembe za ngozi, kisha tunatazama kwa hadubini. Ngozi inapotea, fangasi inabaki. Tukiona vichipukizi pamoja na nyuzi ndefu kama mizizi, na mama ana dalili, jibu limepatikana. Haichukui muda mrefu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo linatuletea mabishano dirishani. Si kila kandida inayoonekana ni ugonjwa. Mtu anakohoa, makohozi yake yanapimwa, inaonekana hamira, naye anarudi nyumbani akitangaza kwamba ana fangasi ya mapafu. Mara nyingi sana ni ya mdomoni tu, imepita pamoja na mate. Huyo anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu, si kununua vidonge vya fangasi sokoni. Lakini hamira ikionekana ndani ya damu, hakuna mjadala. Damu haina hamira ya kawaida. Hiyo ni hatari, na mgonjwa analazwa siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine daktari anataka kujua ni kandida ya aina gani, kwa sababu dawa haziko sawa kwa zote. Ipo aina iitwayo krusei ambayo kwa asili yake haisikii dawa ya flukonazoli. Ukimpa mgonjwa wake flukonazoli unampa matumaini tu. Hapa kambini hatuoteshi vimelea. Sampuli hupelekwa hospitali kubwa. Huko huwekwa juu ya chakula maalumu kilichogandishwa kwenye sahani, chakula ambacho jina lake linatokana na daktari Mfaransa Raymond Sabouraud, aliyefariki mwaka 1938. Baada ya siku moja au mbili kandida inaota kama vitone vya siagi, na ukifungua sahani unasikia harufu ya hamira kabisa, kama jikoni.

Halafu kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji mashine ya fahari. Mnajua damu ikiachwa ndani ya kichupa huganda, na juu yake hubaki maji ya njano. Maji hayo tunayaita seramu. Fundi anachota hamira kidogo sana kwa ncha ya kijiti, anaitia ndani ya seramu, anaiweka kwenye joto la nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu, kwa saa 2 hadi 3. Kisha anatazama kwa hadubini. Ikiwa ni albikansi, ile kandida ya kawaida kuliko zote, chembe itakuwa imetoa mrija mwembamba ulionyooka, usiobanwa pale unapoanzia, kama mbegu ya maharage inapoanza kuota. Akichelewa zaidi ya hapo, aina nyingine nazo hutoa kitu kinachofanana na mrija, ila huwa kimebanwa shingoni. Kwa hiyo saa ya ukutani ni sehemu ya kipimo. Fundi akienda kunywa chai akasahau, jibu limeharibika.

Kuna pia sahani inayotengenezwa kwa unga wa mahindi. Ndiyo, mahindi haya haya ya mgawo! Albikansi ikioteshwa humo, kwenye joto la chini kidogo, hutengeneza chembe kubwa za duara zenye ukuta mnene mwishoni mwa nyuzi zake, na chembe hizo humtambulisha kama alama ya kuzaliwa.

Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza kandida mpya iliyotoka kwenye sikio la mgonjwa, nao wakaiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya sikio. Inastahimili dawa nyingi, inakaa juu ya vitanda na ngozi, na inahama hospitalini kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mgonjwa. Vifaa vingi vya zamani viliipa jina la jamaa yake. Imeonekana pia katika hospitali za Kenya. Nawatajia kwa sababu moja: tunapowaomba mnaohudumia wagonjwa wodini mnawe mikono, hatuwadharau.

Sasa tuje kwa kriptokokasi.

Huyu hakai mdomoni. Anakaa nje, kwenye udongo, kwenye vumbi, na hasa kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka. Katika uchunguzi wa wagonjwa wa Bujumbura uliochapishwa mwaka 1991, watafiti walimtafuta ndani ya vumbi la nyumba na kwenye mabanda ya njiwa, na walimpata. Tunamvuta kwa pumzi. Mwenye kinga nzuri kwa kawaida hajui hata kama alimvuta. Lakini kwa mtu ambaye VVU imeshusha kinga yake sana, kriptokokasi hutoka mapafuni, husafiri kwa damu na kuingia katika utando unaofunika ubongo. Hiyo ni homa ya uti wa mgongo, na isipotibiwa inaua.

Dalili zake ndizo zinazotudanganya. Haianzi kwa kishindo. Ni kichwa kinachouma, leo kidogo, kesho zaidi, wiki ya pili hakivumiliki. Homa ipo au haipo. Kisha kutapika, macho kuona viwili viwili, kuchukia mwanga, shingo kukaza, mwisho mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo jirani anasema amerogwa. Nimeona wagonjwa waliotibiwa malaria mara tatu mfululizo kwa kichwa cha namna hii, na wengine waliombewa wiki nzima kabla ya kuletwa. Sala haikatazwi. Mleteni kwanza, kisha ombeni mkiwa naye hapa kituoni.

Ili tumwone kriptokokasi tunahitaji maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na hapa ndipo uvumi unapoanza. Naomba kila mmoja ajipapase mgongo. Uti wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu, kwa mtu mzima huishia juu ya kiuno, karibu na mwisho wa mbavu. Sindano huchomwa chini ya hapo, sawa na mifupa ya nyonga, mahali ambapo uti umeshakwisha na limebaki fuko la maji lenye nyuzi za fahamu zinazoelea. Sindano haiuchomi uti. Mgonjwa anaweza kuumwa kichwa au mgongo siku moja mbili, ni kweli, na daktari humchunguza kwanza kuona kama kuna sababu ya kutomchoma. Lakini hapoozi kwa sababu ya kutolewa maji yale.

Kwa nini basi watu wamewaona wengine wakifa baada ya sindano? Kwa sababu waliletwa wakiwa wameshapoteza fahamu. Ugonjwa ulikuwa umeshawachukua, sindano ikabeba lawama. Tena kwa ugonjwa huu sindano yenyewe ni tiba. Hamira hizo huziba njia za maji, maji yanajaa, shinikizo linapanda, na ndilo linalopasua kichwa na kuua macho. Daktari akiyapunguza, wapo wanaopata nafuu ya kichwa kitandani pale pale. Ikibidi hurudiwa kesho yake.

Maji yakifika maabara, tunaweka tone moja kwenye kioo na tone la wino mweusi wa kuandikia, ule wa India. Kriptokokasi amevaa koti nene la utelezi ambalo wino hauwezi kulipenya. Kwa hiyo kila kitu kinakuwa cheusi, na yeye anaonekana kama mwezi wenye duara jeupe pembeni yake. Ukimwona akiwa na kichipukizi ndani ya koti lake, humsahau.

Lakini naomba niseme kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika kituo kingine, nikiwa mgeni kazini, niliwekewa maji ya mgonjwa mezani jioni wakati wa kufunga. Niliona chembe za duara. Chembe nyeupe za damu nazo ni za duara, na kwa haraka zinafanana na hamira. Chupa ya wino ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo haukuwepo. Nikaandika: chembe nyeupe chache, hakuna vimelea. Asubuhi mwenzangu mkubwa aliweka wino, akaniita, hakusema neno, akanipisha kwenye kiti. Yalikuwa makoti matupu, kioo kizima. Mgonjwa alikuwa amepoteza usiku mmoja bila dawa. Alipona, ila jicho lake moja halikuona vizuri tena. Sijui kama ni usiku ule. Tangu siku hiyo wino wangu haufungiwi.

Wino nao unaweza kumkosa akiwa mchache. Ndiyo maana siku hizi kuna kipimo cha haraka, kijiti kama kile cha malaria, kinachotafuta vipande vya lile koti. Tone la damu au la maji ya mgongo, dakika 10, mistari miwili maana yake yupo. Uzuri wake ni kwamba huonyesha ndani ya damu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kwa hiyo mwenye VVU ambaye kipimo cha CD4 kimeonyesha kinga chini ya 100, akiitwa kupimwa damu tena, asidhani tunamchezea. Tunamtafutia adui angali njiani.

Maswali yaliyoulizwa baada ya mazungumzo

Mama mmoja aliuliza kama kula maandazi au kunywa pombe ya ndizi kunaongeza fangasi mwilini. Jibu: hapana, hamira ya jikoni ni jamaa mwingine, na ile ya maandazi hufa ndani ya mafuta ya moto. Pombe ina madhara yake mengine, hayo tutayazungumza siku nyingine.

Mzee mmoja aliuliza kuhusu njiwa wake. Jibu: usiwachinje kwa hofu. Mwagia maji banda kabla ya kufagia ili vumbi lisipae, funika pua kwa kitambaa, na mtu mwenye kinga dhaifu asipewe kazi hiyo.

Kijana mmoja alisema flukonazoli inauzwa sokoni, je, kuna ubaya gani kujinunulia kichwa kikiuma? Jibu: kidonge kimoja cha miligramu 150 kinaweza kutosha fangasi ya ukeni. Kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataja miligramu 1200 kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, tena pamoja na flusaitosini, baada ya dripu moja ya amfoterisini ya mshipani. Hayo hufanyika hospitalini, chini ya macho ya daktari, na kwa mama mjamzito dawa hizi hupangwa kwa uangalifu wa pekee. Kidonge kimoja cha sokoni hakimwui kriptokokasi, kinamchelewesha mgonjwa kuja. Mwenye kichwa kilichouma zaidi ya wiki moja na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, aje na kadi yake ya kliniki, aingie moja kwa moja kwa mganga bila kusubiri foleni ya dirishani.