Gari Lililoinuliwa Uani: Maneno Yetu kwa Wakazi wa Nakivale



Mmezoea kutusikia tukinena juu ya wizi, ugomvi wa mashamba na mwendo wa pikipiki. Leo tumekuja na jambo linalotendeka ndani ya ua, mbali na macho ya askari wa barabarani: gari kuinuliwa kwa jeki, na mtu kuingia chini yake.

Tangu makazi haya yaanzishwe mwaka 1958, yamepokea watu wa mataifa mengi na mafundi wa kila namna. Gari moja huku hubeba mahindi, wagonjwa na abiria wa Mbarara. Likiharibika, mwenyewe hupiga hesabu ya safari na ujira wa gereji ya mjini, kisha huona afadhali alitengeneze nyumbani. Hatumkatazi. Tunachokataza ni kulala chini ya chuma cha zaidi ya tani moja kinachoshikiliwa na jeki peke yake.

Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Jeki ya oili, sili yake ikichakaa, hushuka polepole au ghafla. Ile ya skurubu ina kikalio chembamba. Gari likisukumwa kidogo, huinama na kuanguka. Tofali, la udongo au la saruji, hupasuka bila kutoa onyo. Kinachofaa ni stendi mbili za chuma, zenye pini ya kufungia na zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari lenyewe.

Basi twaomba utaratibu huu ufuatwe.

Kwanza, chagueni mahali tambarare na pagumu. Udongo ukinyeshewa hulainika. Wekeni bamba la chuma au ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Pili, shusheni mizigo na abiria. Tieni breki ya mkono na gia ya kwanza, kisha kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Kwa magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Nyuma ikiinuliwa, kinachozuia gari lisibingirike ni kabari.

Tatu, legezeni nati za gurudumu kabla ya kuinua, si baada yake.

Nne, inueni penye uimara, kwenye chesisi au ekseli, kamwe si kwenye bakuli la oili. Stendi ziwe na kimo kimoja, pini zifungwe, kisha gari lishushwe taratibu mpaka uzito wote ukae juu yake.

Tano, kabla ya kuingia, lisukumeni kwa mkono kutoka ubavuni. Likiyumba, lishusheni mkaanze upya. Gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya chesisi. Stendi ikishindwa, litaacha nafasi ya kuokoa kifua cha mtu.

Asiingie mtu peke yake, injini isiwashwe, na watoto wasicheze karibu.

Msiba ukitokea, msimvute aliyebanwa. Inueni gari kwanza kwa jeki, au kwa mikono ya wengi, na mtu mmoja aweke kizuizi lisirudi chini. Pigeni simu 999 au 112. Damu ikitoka, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi. Hata akisema yu salama, apelekwe kituo cha afya, kwani majeraha ya ndani hayaonekani kwa macho.

Twajua kuwa stendi zina gharama. Lakini jozi moja, ikinunuliwa kwa mchango wa madereva wa mtaa, yaweza kuzunguka nyumba zote. Kuazima si aibu. Mwenyeji amwazime mkimbizi, na mkimbizi amwazime mwenyeji, maana anayelala chini ya gari ni baba au kijana anayesubiriwa chakulani.