Ghorofa za Kuishi Hai Malakal: Kivuli Kwanza, Lifti Baadaye



Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena, wanafunzi wakiwa wanazirai hapa Juba. Hata hivyo sisi wasanifu na wahandisi bado tunachora ghorofa za mtaa wa Hai Malakal zenye ukuta wa kioo upande wa barabara, hata barabara ikiwa magharibi. Atakayepanga humo atachomwa na jua tangu saa nane mchana hadi linapotua, na jenereta ikizimwa hapakaliki.

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mwanzoni mwa Aprili na tena Septemba. Desemba huelekea kusini, Juni kaskazini, ila halishuki sana. Ndiyo maana pande hizo mbili ni rahisi kuzikinga: roshani yenye upana wa mita 1.2 hutia kivuli cha zaidi ya mita 2 ukutani saa sita mchana, hata Desemba. Mashariki na magharibi jua huingia likiwa chini, na roshani haifui dafu. Huko tupeleke ngazi, mabafu na stoo, nyuma ya ukuta mnene wa matofali wenye matundu madogo.

Korido nayo itoke nje. Ikipita katikati, kila nyumba inabaki na madirisha upande mmoja, na upepo ukiingia hauna pa kutokea. Korido ya nje humpa mama mahali pa kuweka jiko la mkaa bila kuwajazia watoto moshi chumbani. Michoro yetu mingi ya jiko hudhani kila mtu ana gesi.

Maji huletwa na maboza. Familia 20 za watu watano, kila mtu lita 50, zinahitaji lita 5,000 kwa siku: tani 5. Akiba kubwa ikae chini ya ardhi. Tangi la juu libebe ya siku moja tu, tena likalie kuta za ngazi, si katikati ya bamba la zege la paa.

Kwa hali ya umeme ilivyo, lifti haitegemeki; mimi natetea ghorofa tano, kimo ambacho mjamzito aliyebeba dumu anaweza kukipanda kwa kupumzika njiani. Najua mwenye kiwanja atataka kumi. Akumbuke kwamba jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoporomoka 29 Machi 2013 na kuua watu 36, lilikuwa la ghorofa 16.

Naomba semina hii ipendekeze kwamba kibali kisitolewe kwa mchoro usioonyesha kivuli cha saa tisa alasiri, njia ya upepo katika kila nyumba, uzito wa maji na matokeo ya kupima udongo.