Shaba yetu ilipe masomo yetu

Ndugu zangu wanafunzi, na nyinyi wenye hamukuweza kuwa wanafunzi:

Sitaongea murefu. Niko na miaka 25, niko na diplome ya économie, kazi sina. Nauzisha unités za simu chini ya parasol hapa Lubumbashi.

Munajua ginsi nilisoma? Mama aliuzisha makala miaka tano. Minerval inahesabiwa kwa dola, yeye alikuwa anapata franga. Dola ikipanda, minerval nayo inapanda, lakini gunia ya makala inabakia ku bei yake.

Mudogo yangu muke alipata diplome d'État na pourcentage yenye kupita yangu. Alibakia ku nyumba. Makuta ilikuwa ya mutu moja, na mimi nilikuwa mukubwa, tena mwanaume. Siku nilimaliza, alipika, akanipongeza, kisha akaniuliza: « Yaya, sasa ni tour yangu? » Sikukuwa na jibu. Hata leo sina.

Watu wanasema: masomo haina maana, angalia wenye kusoma wanauzisha unités. Ile maneno naisikia kila siku. Lakini wakubwa wenyewe hawaiamini: watoto wao wanasoma Afrika Kusini na Ulaya. Kama masomo haina faida, mbona wanailipia bei kali vile?

Katiba ya 2006, article 43, inasema masomo ya primaire ni bure ku masomo ya serikali, na tangu 2019 ilianza kutumika. Ni vizuri. Lakini ku mulango ya chuo kikuu kungali mulinzi, na mulinzi ule njo makuta. Tarehe 4/6/1969, wanafunzi wa Kinshasa walitembea juu ya bourse, askari wakawapiga masasi. Wao walikuwa wanaomba bourse iongezwe. Sisi, wengi wetu hatujaona hata mutu moja mwenye kuipata.

Watatuambia: serikali haina pesa. Hapa Katanga? Code minier ya 2018 inagawa redevance hivi: 50% serikali kuu, 25% province, 15% ville, commune, secteur ao chefferie kwenye mine iko, 10% vizazi vyenye vitakuja. Tena kampuni ya mine inapaswa kutoa 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wenye kuikaa karibu. Ile ni sheria. Hatuombi zawadi.

Njo maana tunadai vitu tatu:

1. Minerval ipangwe kwa franga, itangazwe mbele mwaka ianze, na isibadilike katikati.

2. Sehemu ya ile 25% na ile 15% iwe bourse kwa watoto wa maskini, nusu wasichana, na liste ibandikwe mbele ya watu wote.

3. Mwanafunzi mwenye deni alipe polepole, asifukuzwe ku mutihani.

Juma hii, kila mutu alete bordereaux zake za minerval, tuhesabu pamoja. Kisha tutapeleka barua ku commune: ile 15% ilienda wapi? Bila jiwe, bila matusi. Wasipojibu, tutarudi, tena wengi zaidi.

Mudogo yangu iko hapa, ku chaise ya nyuma. Nataka siku moja nimwambie: ndiyo, sasa ni tour yako.